Mama Charlotte na kisanduku kisichojua kusahau

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia. Chini ya bashi la harusi, turubai lililofungwa kwenye miti, wanawake wanapanga viti, na Charlotte Lotsove amekwisha kukaa mwisho kabisa wa safu, karibu na ukuta wa choo. Gitaa limelala juu ya magoti yake.

Hili si gitaa la kukumbatia kifuani. Linalazwa kama mtoto anayeogeshwa, nyuzi zikitazama juu. Mkono wa kulia unakwanyua, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzibana. Wazee wa Fataki, kwao Charlotte, wanaliita hawayene. Sauti yake haipandi kwa ngazi kama gitaa lingine, inateleza, na mtu asiyelijua anaweza kudhani kuna mama analia nyumba ya pili. Kwa sababu hiyo watu wa Bunia wanamwita Charlotte zaidi kwenye matanga kuliko kwenye harusi.

Mguu wake wa kulia uko peku. Mbele ya vidole kuna kisanduku cheusi cha bati chenye vitufe viwili na taa mbili ndogo. Waya wake haujachomekwa popote. Amekileta kwa sababu familia ya bibi harusi iliomba kile cha kisasa. Amewaambia batri ni dhaifu, na si kweli.

Mwanamke mmoja anapita na beseni la makemba, ndizi za kupika. Anaweka kidole mdomoni, anawaambia wenzake wachunge maneno yao, kimashine kinasikia. Wote wanacheka. Charlotte anacheka nao kidogo, meno tu, kisha anashusha macho kwenye nyuzi.

"Banacheka na haki," anasema. "Mimi njo nilianza kucheka batu."

Charlotte ana miaka arobaini na minne, ni mjane, na watoto watatu wamebaki mikononi mwake. Alitoka Fataki usiku wa risasi akiwa amefunga gitaa mgongoni kwa kitenge, mtoto mdogo amemshika mbele. Gitaa lilikuwa la baba yake, katekista, aliyelichonga mwenyewe. Leo wanaishi chumba kimoja mtaa wa Bankoko. Siku za kazi Charlotte anauza unga wa muhogo sokoni. Mtu akifa, anaitwa.

Matanga ya siku mbili humpa faranga elfu ishirini, mara nyingine elfu arobaini, pamoja na chakula. Mwezi wa vifo vingi, nyumbani kwake wanakula samaki wabichi wa ziwani Kasenyi. Anasema jambo hilo lilikuwa likimtia haya hata kabla ya aibu hii kubwa. Alikuwa akiwapakulia watoto samaki bila kuwaangalia usoni.

Hawayene peke yake ina sauti nyembamba. Kati ya noti na noti kunabaki shimo, na mpigaji analijaza kwa eko, kisanduku kinachorudia sauti nyuma yake. Baba alimwachia kimoja cha manjano, cha zamani, kilichotoka Fataki ndani ya kitenge kile kile. Ukipiga noti, inarudi. Mara ya pili imefifia, mara ya tatu ni kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, mara ya nne ni pumzi tu, imekwisha.

Fundi Kasereka, mtu wa Butembo anayetengeneza redio na spika karibu na soko kuu, anaeleza kwa nini. Ndani ya kile cha manjano, anasema, ni kama watu wamepanga mstari kutoka bombani mpaka nyumbani, wanapasiana ndoo ya maji.

"Kila mutu anamwanga kidogo," Kasereka anasema. "Maji ikifika, ndoo haijajaa tena. Hii nyeusi haina batu. Inaandika sauti kwa hesabu, kama mwalimu anaandika mu daftari. Leo, kesho, mwaka kesho, utakuta ile ile."

Mwaka jana mvua ilipita kwenye bati, ikakinyeshea cha manjano kikanyamaza. Kasereka alitafuta kipande kilichokufa, kidude cha miguu minane, akakosa Bunia nzima. Charlotte akaweka akiba miezi saba, akanunua cheusi kwa mfanyabiashara aliyetoka Kampala, dola sitini na tano.

Mwanzoni alikipenda. Eko ilikuwa safi kama maji ya chupa, na ndefu, inafika mpaka barabarani. Vijana wa kwaya walisema sasa mama anapiga kama watu wa Kinshasa. Lakini mkono wake ulianza kumwambia jambo. Hawayene haina vituo shingoni. Chuma kikipita sauti kwa unene wa ukucha, umekosea. Cha manjano kilikuwa kikifunika kosa kwa kulififisha. Cheusi kililirudia mara sita, wazi, juu ya noti mpya, vikagombana.

"Nilikuwa napiga na woga," anasema. "Nilizani woga ni ya vidole tu."

Kitufe cha kushoto kilikuwa cha eko. Cha kulia kilikuwa cha kuzungusha: unakikanyaga, kinashika unachopiga, unakanyaga tena, kinakirudia bila kuchoka. Cha manjano hakikuwa na jambo kama hilo. Kile ukichomoa waya, kimesahau yote, asubuhi unaanza upya. Miaka ishirini Charlotte aliishi na kisanduku cha kusahau, na haikumpita akilini kwamba kingine kinaweza kulala na maneno tumboni.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Siku mbili kabla, alikuwa amepiga kwenye matanga ya mwanamke mmoja wa mtaa wa Saio, na kati ya waliolia alikuwapo mdogo wa marehemu, Mama Madeleine. Bunia wanajua kilio cha Mama Madeleine. Kinapanda juu sana, kinakatika, na katikati anageuka na kuuliza vikombe vyake vya rangi ya bulu, ambavyo huviazimisha kwa kila matanga. Nani amekinywea, nani ameondoka nacho. Kisha anarudi kulia pale pale alipoachia.

Divine, binti wa Charlotte wa miaka kumi na sita, alikuwa anajifunza kitufe cha kulia. Taa nyekundu, ya kushika sauti, ilikuwa inawaka. Akamwomba mama awaonyeshe Mama Madeleine alilia namna gani.

Mama mwenye akili angesema hapana. Charlotte alikuwa ameshiba samaki, watoto wamekaa vizuri, siku hiyo hakuna aliyekuwa mgonjwa. Akainama juu ya gitaa kama mtu anayeinama juu ya jeneza, mdomo karibu ugusane na nyuzi, akalia kilio cha mwenzake.

"Uuui, dada yangu, unaniacha na nani! Kikombe yangu ya bulu, nani alibeba? Iko sita, naona tano!"

Watoto walianguka chini kwa kicheko. Mdogo wao, Osée, akasema tena, mama, tena. Hawakujua kwamba sumaku inayoshika sauti ya nyuzi, ambayo Kasereka aliizungushia waya kwa mkono bila kuimwagia nta, inashika hata sauti ya mtu akisema karibu nayo. Divine alipokanyaga kitufe, kilio kikatoka kwenye spika, pamoja na kicheko chao. Wakakirudia mpaka mbavu zikauma. Kisha Charlotte akachomoa waya, akakifunika kwa kitambaa, akaona imekwisha.

Wiki tano baadaye alikufa Rébecca, mtoto wa kwanza wa Mama Madeleine, miaka ishirini na miwili. Homa ya siku nne.

Charlotte aliitwa asubuhi ile ile, akaenda. Anasema alikwenda na moyo safi. Alikwisha kusahau mchezo wa Jumapili, kama mtu anavyosahau alichokula.

Usiku kucha kulinyesha, na uwanja wa Saio ulikuwa tope. Charlotte, ambaye siku zote hupiga peku ili kidole kijue kitufe, siku hiyo alivaa kandambili. Saa nane mchana gari lilileta mwili kutoka hospitali. Papa Adolphe, kiongozi wa waimbaji, alimpa ishara. Watu karibu mia mbili walisimama, wakanyamaza. Jeneza lilipoingia, Charlotte alitaka eko ndefu. Akakanyaga. Kandambili ikakamata kitufe cha kulia.

"Uuui, dada yangu, unaniacha na nani! Kikombe yangu ya bulu..."

Sauti ilikuwa safi. Hakuna neno lililofifia. Kila mtu aliijua sauti ya Charlotte, na kila mtu aliujua mlio wa Mama Madeleine. Nyuma yake kikaja kicheko cha watoto, na Osée, tena, mama, tena.

Alikanyaga ili kizime. Lakini kisanduku hicho ukikikanyaga mara moja hakizimi, kinaongeza juu. Alikuwa ameinama, akasema Yezu wangu, na Yezu wangu naye akaingia ndani, akazunguka pamoja na mengine. Mara tatu vilizunguka. Papa Adolphe ndiye aliyeng'oa waya kwenye batri.

Mama Madeleine alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, pumzi amekwisha kuivuta ili alie. Akaufunga mdomo. Hakumtazama Charlotte. Alishuka ngazi, akachukua sinia, akaanza kukusanya vikombe vyake mikononi mwa watu, kimoja kimoja, kwa adabu, kama mama anayeondoa vyombo baada ya chai. Mtoto wake alikuwa nyuma yake ndani ya jeneza.

Hakulia tena. Hakulia pale, wala makaburini, wala siku zilizofuata.

"Nilimunyanganya kilio," Charlotte anasema. Anaposema hivi mkono wake unashika nyuzi zote sita, kama anazinyamazisha. "Pesa unarudisha. Kile nitarudisha namna gani?"

Mambo hayakuishia hapo. Mama asiyemlilia mtoto wake anazungumzwa. Kwenye bomba la Saio wanawake walianza kuulizana kwa chini amejua nini kuhusu kifo kile hata macho yakawa makavu. Hata wale waliosikia kisanduku kwa masikio yao walisema hivyo. Charlotte alipopata habari hizo alikaa chini sokoni, mteja amesimama na sahani ya kupimia mkononi.

Papa Adolphe ndiye aliyemweleza habari ya vikombe. Mama Madeleine alitoka Djugu amevifunga ndani ya shuka. Mume alibaki njiani, nyumba iliungua, ng'ombe walichukuliwa. Vikombe vile ndivyo vilivyobaki katika vitu vyote vya nyumba yake, na aliviazimisha kwa kila matanga ili apate sababu ya kuvihesabu mbele ya watu.

Charlotte naye alitoka Fataki na mzigo mmoja mgongoni. Wangapi wamemwona akilipangusa gitaa lake mara tatu kwa siku, na hakuna aliyemcheka. Hakuwahi kuuliza vikombe vile vimetoka wapi.

Kosa la pili alilifanya mwenyewe. Alimtuma Divine apeleke msamaha, na kilo kumi za unga. Unga ulirudi. Mama Madeleine alimwambia msichana kwa upole kwamba yeye hana neno na mtoto. Divine aliweka mfuko mlangoni akaingia kulala bila kula. Shuleni walikwisha kumpa jina la kisanduku.

Kisha siku moja, akiwa anaanika nguo, Charlotte alimsikia Osée nyuma ya nyumba akimwigiza jirani aliyefiwa, anavyovuta kamasi, anavyoita jina la mume. Watoto wawili wa jirani mwingine walikuwa wanacheka. Osée alikuwa amejua hata kuinama.

Wamama wanaosoma habari hii wana watoto nyumbani, na kila nyumba inamcheka mtu baada ya chakula. Charlotte alifikiri anawafurahisha wake. Alipomwona Osée ameinama vile, alishindwa hata kumgombeza, kwa kuwa angemwambia umejifunza wapi?

Akaenda kwa Kasereka. Fundi alikuwa amepata amplifaya iliyokufa ya kanisa moja, ya zamani, yenye eko, na ndani yake kidude kile kile cha miguu minane. Alikichomoa, akakiunganisha katika cha manjano. Kikapiga: sauti, kivuli cha sauti, pumzi. Kasereka alimwonyesha pia jinsi ya kufuta kile cheusi. Unabana vitufe vyote viwili mpaka taa zote zife. Akanyoosha mkono afute. Charlotte akamnyang'anya.

"Kama nafuta kwa siri, atasema nilificha," alimwambia.

Jumanne iliyopita alikwenda Saio mwenyewe, peku, na cheusi ndani ya kikapu, spika ndogo na batri. Mama Madeleine alikuwa anatwanga majani ya sombe. Hakumpa kiti, hakumfukuza. Charlotte alipiga magoti kwenye majani ya muhogo akasema yote, kuanzia samaki wa Jumapili. Hakumtaja Divine. Alisema ni yeye aliyetaka kuchekesha.

Mama Madeleine aliendelea kutwanga mpaka akamaliza. Kisha akauliza kama ile sauti ingali mule ndani. Charlotte akasema ndiyo. Akaambiwa aipige. Charlotte akakataa, akasema afadhali achapwe.

"Siku ile nilisikia na batu mia mbili," Mama Madeleine alisema. "Leo nataka nisikie peke yangu."

Ikapigwa mara moja. Mama Madeleine alisikiliza kichwa pembeni, kama mtu anayesikiliza tangazo la redio la eneo lake. Ilipofika kicheko, Charlotte aliziba uso.

"Sauti umeipata," mwenye kilio akasema. "Hesabu njo ulikosea. Ilikuwa saba. Moja Rébecca alienda nayo hospitali, haikurudi."

Charlotte akalia yeye. Mama Madeleine alimngoja kama mtu anayengoja mvua ipite. Kisha akauliza inafutwa vipi. Alibana vitufe kwa vidole gumba vyenye kijani cha sombe, akabana zaidi ya inavyohitajika, taa zikafa. Akamwambia Charlotte ajaribu. Kimya. Akamwambia ajaribu tena. Kimya.

Katika ukoo wa Mama Madeleine, mkono uliofungua matanga ndio unaoyafunga. Akipiga mtu mwingine siku ya kuvua nguo za msiba, wazee wanahesabu kwamba msiba ungali wazi. Siku hiyo ni Jumamosi ijayo. Kwa wiki sita nzima familia ilikuwa imekwama, haitaki kumwita Charlotte, haiwezi kumwita mwingine.

"Kuja Jumamosi ya wiki ijayo," Mama Madeleine alimwambia alipokuwa anakunja waya. "Lakini kulia, sikuahidi."

Mtaani Mudzipela jua limepanda sasa, na bibi harusi amefika. Charlotte anapiga bila eko yoyote. Gitaa linasikika jembamba, mashimo yake yote yako wazi, na mahali chuma kinapopita sauti, kosa linatokea mara moja likaondoka. Bwana mmoja mwenye koti anakuja kumwambia awashe kimashine, sherehe ichangamke. Charlotte anamwambia batri.

Cheusi atakiuza. Kijana mmoja wa kwaya amekitaka, na Charlotte ameapa kwamba kabla ya kupokea pesa atamfundisha kwanza kufuta, na pili kukanyaga peku. Cha manjano kitakwenda Saio, kwa sababu uwanja ule ni mkubwa.

Divine, aliyekuja kumsaidia kubeba spika, amekaa karibu na goti la mama yake. Jumamosi ijayo atakwenda naye Saio. Charlotte amemkataza kubaki nyumbani. Msichana anasubiri mpaka wimbo umalizike, kisha anauliza kwa sauti ndogo, akiangalia pembeni.

"Na kama Mama Madeleine halii, mama?"

Charlotte anapangusa chuma kwa pindo la kitenge. Waimbaji wamekwisha kuanza wimbo mwingine, naye anatafuta sauti yao kwa kidole.

"Nitapiga tu," anasema. "Kilio ni yake. Mi niliitumia mara moja bila ruhusa, inatosha."